Hedifoni za baiskeli na za mazoezi ya ndani: zilikotoka, na zipi uchukue

Juzi nilitoka Madogo kwa baiskeli kwenda Garissa, hedifoni zimeziba masikio yote mawili. Karibu na daraja la Tana lori likanipita ubavuni. Honi yake sikuisikia. Ndipo nikaanza kuchimba historia ya vitu hivi.

Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin alilipelekea jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizoziunda jikoni mwake. Zilimfaa mtu aliyekaa mezani akisikiliza redio, asiyehitaji kusikia kingine. Mwaka 1924 Hugo Gernsback, mhariri wa magazeti ya redio, akapata hataza ya kifaa cha wasiosikia vizuri: unakiuma kwa meno, sauti inapita kwenye mifupa, sikio linabaki wazi. Hatua kubwa ya kuondoa waya ilikuja mwaka 1994, kampuni ya Ericsson ya Sweden ilipoanza kazi iliyozaa Bluetooth.

Kwa hiyo ukinunua za mazoezi ya ndani, chukua za kuziba, zenye alama ya IPX4 kwenda juu, zistahimili jasho. Za barabarani, chukua za mifupa, zinazokaa mbele ya sikio. Mimi nimeshabadilisha. Besi imepungua kidogo, lakini lori nalisikia likiwa bado mbali.