Pasaka ya Daudi na Pasaka ya Ufukweni

Ukristo uliingia Tanzania Bara hasa kupitia pwani, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Baadaye ulipanda hadi nyanda za juu za Wairaqw. Mbulu, iliyo katika nyanda hizo, ilifanywa prefekturi ya kitume ya Kanisa Katoliki mwaka 1943, ikawa jimbo kamili mwaka 1953.

Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za taifa, hivyo wafanyakazi wengi hupata siku nne mfululizo. Katika vijiji vya Mbulu kama Daudi, siku hizo ni za ibada na za kupokea ndugu waliotoka mjini. Shamba na ng'ombe havina likizo, na mbwa hubaki na kazi yake ya kulinda boma na mifugo.

Kustarehe ufukweni wakati wa Pasaka kuna asili nyingine. Waingereza walitenga Oysterbay, Dar es Salaam, kuwa makazi ya Wazungu. Baada ya uhuru wa 1961, ufuko wake, Coco Beach, ukawa wa watu wote, na wakati wa sikukuu hujaa familia na wapenzi.

Hata hivyo, mambo mawili hupunguza matembezi ya ufukweni, hasa ya kwenda na mbwa. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, msimu wa masika. Tena, Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kwa hiyo kutembea ufukweni na mbwa hakukuwa desturi ya wenyeji.