Dhahabu ikibanwa, nayo hukubali

Kama umekulia kijiji cha wakulima kama Lusewa, huku Ruvuma, habari ya jembe unaijua. Likiwa butu, unatoka jasho bure. Likinolewa, linazama. Nguvu ya mkono ni ileile, ila eneo la makali limepungua. Hilo ndilo kanieneo, na ndilo lililovuruga baadhi ya mambo tuliyokariri kwenye kemia.

Shuleni tuliambiwa dhahabu haina habari na mtu. Chuma na bismathi nazo hazipatani: hata ukiziyeyusha pamoja, kila moja inakaa kivyake. Je, hiyo ni tabia yao ya kudumu, au ni mazingira tu?

Percy Bridgman wa Marekani alitumia maisha yake kubana vitu kwa mashine, akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1946. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wamarekani wengine wakaja na kifaa kinachoenea kiganjani: almasi mbili, ncha kwa ncha, sampuli katikati. Almasi zenyewe serikali ilikuwa imezikamata kwa watu wa magendo!

Kwa kifaa cha aina hiyo, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walibana chuma na bismathi kwa zaidi ya mara 300,000 ya kanieneo la hewa, wakazipasha moto kwa leza. Zikaungana. Mwaka 2025 ikawa zamu ya dhahabu. Iliwekwa kwenye jaribio, huko Ujerumani, ili inase eksirei na kupasha sampuli moto tu, lakini ikaungana na haidrojeni. Hakuna aliyetarajia. Ilipopoa, vikaachana.

Siri iko kwenye elektroni. Atomu zikisongamana mno, elektroni hubadili mpangilio wa nishati, na muungano uliokuwa hasara unakuwa nafuu.

Sasa turudi nyumbani. Almasi za Mwadui, Shinyanga, alikogundua mgodi John Williamson mwaka 1940, nazo zilipikwa na kanieneo, zaidi ya kilometa 150 chini ya ardhi. Sisi tumezoea kuuliza zina karati ngapi. Wenzetu wakaziweka ncha kwa ncha, wakauliza maswali mengine.

Kwa hiyo ukisoma kwamba vitu viwili "haviungani", usikariri tu. Nyoosha mkono, uliza: kwa kanieneo gani?