Sifa Mbele ya Mashahidi: Mei Mosi na Deni la Wafanyakazi wa Ngara

Mei Mosi katika halmashauri zetu, Ngara ikiwamo, ina utaratibu unaofahamika. Wafanyakazi hupita mbele ya jukwaa kuu na mabango ya idara na vyama vyao, risala husomwa, mgeni rasmi hujibu, kisha majina ya wafanyakazi hodari huitwa mmoja baada ya mwingine. Mwalimu, muuguzi, dereva na mlinzi hupanda, hupeana mkono na mgeni, hupokea cheti na bahasha, hupigwa picha na kushuka. Wengi huiona sehemu hii kuwa pambo la sherehe, na wengine huona ni namna ya kuwatuliza watu ambao hoja yao kubwa ni mshahara. Naiona kwa namna nyingine. Anayemsifu mtumishi hadharani anakiri kwamba kazi imefanyika na kwamba ina thamani, na akishakiri mbele ya mashahidi hana njia rahisi ya kuikana kesho. Pongezi za namna hiyo humfunga mwajiri kuliko zinavyompamba mwajiriwa. Historia ya Ngara, pembe hii ya mkoa wa Kagera ambako kata ya Nyamiaga inafungamana kwa maisha na biashara na Burundi na Rwanda, inatoa ushahidi wa kutosha juu ya jambo hilo, mzuri na mbaya.

Kabla ya mipaka ya wakoloni, Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Katika falme za maziwa makuu kama huo, mtu aliyemtumikia mkubwa kwa uaminifu alipewa ng'ombe, na ng'ombe huyo hakutolewa gizani. Walikuwapo wazee, ilikuwapo pombe, na jirani wote walijua nani kampa nani na kwa sababu gani. Ugomvi ulipozuka baadaye, wazee hao hao ndio walioulizwa. Upande wa Buhaya, shujaa alisimama mbele ya Mukama, yaani mfalme, na kutaja kwa sauti aliyoyatenda, huku waliokuwa naye vitani wakimsikiliza, na mtumishi aliyependwa aliweza kupewa ardhi ya nyarubanja. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Ng'ombe wa heshima alikuja na utii wa muda mrefu, na nyarubanja iliwageuza wakulima wengi kuwa wapangaji wa mabwana wachache, hata Serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuivunja mwaka 1965. Hata hivyo hoja moja inabaki: hata katika jamii zile zisizo na usawa, fadhila na utumishi vilihitaji macho ya watu ili vihesabike, na yule mkubwa naye alibanwa na macho hayo.

Ukoloni ulikata uhusiano huo. Wahangaza na Washubi, pamoja na Warundi waliopita Ngara na Biharamulo, walitembea kwenda Buganda kulima pamba na kahawa ya watu wengine, na wengine walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki. Kwenye mkonge kibarua aliandikwa kwa namba. Alibeba kipande chenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyokamilisha kazi ilitiwa alama. Kipande kilijua kuhesabu siku, lakini hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu fulani alikata vizuri au alimwokoa mwenzake. Mkulima wa Ngara aliyerudi nyumbani baada ya mkataba alirudi na nguo, fedha kidogo na hadithi zake mwenyewe. Mwajiri hakuwa ameshuhudia chochote juu yake. Nadhani hapa ndipo tunapopaswa kuanzia tunapouliza kwa nini vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, kuanzia mgomo wa makuli wa Dar es Salaam mwaka 1947 uliosambaa kufuata reli hadi bara, na baadaye shirikisho la vyama hivyo, TFL, lililoundwa mwaka 1955 Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu, vilidai mishahara na heshima katika pumzi moja.

Uhuru haukulimaliza dai hilo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na sheria ikaunda chama kimoja, NUTA, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Mei Mosi, siku iliyozaliwa na madai ya saa 8 za kazi na damu iliyomwagika Chicago mwaka 1886, ikaingia katika kalenda ya Taifa kama sherehe ambayo mwajiri mkubwa kuliko wote, yaani Serikali, ndiye mgeni wa heshima. Hatari yake ilikuwa wazi: mkono unaoajiri, unaopanga mshahara na unaoongoza chama ndio huo huo unaotoa zawadi. Lakini Februari 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza viongozi kuwa wajeuri, wenye dharau na wakandamizaji. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo kwa mikono miwili. Migomo iliyofuata viwandani hadi mwaka 1973, ambayo mwanazuoni Issa Shivji ameichambua kwa kina, mara nyingi haikuanza na nyongeza ya mshahara. Ilianza na meneja aliyetukana watu, aliyewafukuza kibabe, aliyewafanya wajione si kitu. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wafanyakazi walifika hadi kukitwaa kiwanda chenyewe. Anayesema mfanyakazi wa Tanzania hajali heshima mradi alipwe, anapaswa kwanza kuieleza miaka hiyo miwili na nusu.

Kwa Ngara, hata hivyo, jaribio kubwa lilikuja Aprili 28, 1994. Katika muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Ilikuwa Alhamisi, na Mei Mosi ya mwaka ule ikaangukia Jumapili, siku tatu baadaye. Dunia ilijifunza jina la Benaco, kambi iliyochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na baadaye Lumasi, Musuhura na Lukole. Mashirika ya kimataifa yalimiminika, na yalistahili shukrani yaliyopewa. Lakini kabla ya ndege na malori kufika kwa wingi, na muda mrefu baada ya waandishi wa habari kuondoka, walikuwapo watumishi wa kawaida wa wilaya: wauguzi, maofisa afya, walimu, askari, makarani, wahudumu wa hospitali ya Murgwanza. Wengi walivutwa na mishahara ya mashirika, wakaacha shule na zahanati. Siwalaumu, maana walikuwa na watoto wa kulisha. Waliobaki walibeba kazi za wenzao walioondoka pamoja na zao, kwa mshahara ule ule wa Serikali. Tanzania ilizoea kusifiwa kwa ukarimu wake kwa wakimbizi, na tayari mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alikuwa ametunukiwa Medali ya Nansen. Sifa za namna hiyo huishia juu, kwa Taifa na kwa kiongozi. Muuguzi wa Ngara aliyelala akiwa amevaa viatu hakuwa na sehemu yake katika medali ya mtu yeyote.

Hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapojitokeza. Kama waliobaki wangeongezwa mshahara, wangehitaji cheti cha nini? Mwaka 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, likidai kima cha chini cha shilingi 315,000, lilifikia hatua ya kutishia mgomo wa nchi nzima mwezi Mei, na hakuna aliyeomba vyeti zaidi. Mei 1, 2025 mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, shangwe ile haikuwa ya bahasha za watu wachache. Nakubali yote hayo, na nakwenda mbali zaidi: sifa inayotolewa badala ya stahili ni dhuluma, na zawadi inayotangazwa jukwaani kisha mhusika akazungushwa ofisini kwa miezi ni tusi. Ila pingamizi hili linathibitisha asichokusudia mwenye kulitoa. Tangazo la Singida lilipata nguvu kwa sababu lilisemwa mbele ya maelfu, siku ya wafanyakazi wenyewe, na Julai kila mmoja alijua la kudai. Mshahara unalipa muda na ujuzi, na hulingana kwa wote wa daraja moja. Tofauti kati ya aliyebaki zamu usiku na aliyeondoka saa tisa haionekani katika hati ya malipo, na bila mtu kuisema kwa sauti, haipo popote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaohofia husuda na mashindano. Wana mfano wa kuogofya. Mchimba makaa Aleksei Stakhanov alitangazwa kote Umoja wa Kisovieti kuwa Agosti 1935 alichimba tani 102 kwa zamu moja, na sifa zake zikatumika kuwapandishia wenzake viwango vya kazi, hata wakamchukia yeye na mfano wake. Kosa lile halikuwa kumtaja mtu hadharani. Kilichomchagua kilikuwa chama, kazi yake iliandaliwa ili ivunje rekodi, na jina lake likageuzwa fimbo. Katika vituo vyetu husuda huzaliwa na jambo dogo zaidi: watu hawajui kwa nini fulani kachaguliwa. Wakati mwingine tuzo huzungushwa kwa zamu ili asinung'unike mtu, na hapo hata anayepokea hajui kafanya nini. Mashahidi wa kweli ni wenzake wa zamu, si mgeni rasmi anayekutana na jina lile kwa mara ya kwanza kwenye karatasi.

Utumishi wa umma umejaribu njia nyingine. Mwaka 2004 ulikuja OPRAS, mfumo wa kupima utendaji ulioitwa wa wazi, ambao uwazi wake ulikuwa kati ya mtumishi na bosi wake. Sasa ni PEPMIS, ambamo majukumu na alama huingizwa kwenye kompyuta. Ni zana zinazofaa kwa kupandisha madaraja, na sina sababu ya kuzipinga. Lakini alama iliyofungwa nyuma ya nywila haina shahidi, na mwalimu wa Nyamiaga aliyepata alama za juu hana wa kumwambia mzazi yeyote kijijini kwamba mtoto wake anafundishwa na mtu wa namna gani. Mikutano mikuu ya vijiji, vikao vya shule na mabaraza ya wafanyakazi vipo kisheria na hukutana. Mtumishi hodari achaguliwe huko na wenzake, sababu iandikwe kwa sentensi kamili na isomwe mbele ya wanaoijua kazi, fedha itoke siku hiyo hiyo, na nakala iingie kwenye jalada lake ili ofisa wa kesho asiweze kusema hakuambiwa. Mgeni rasmi wa Mei Mosi atathibitisha tu kilichokwisha kushuhudiwa.

Na ipo orodha moja ambayo Ngara inaweza kuianza bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Mtumishi aliyekuwa na miaka 30 Rusumo ilipofurika alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2024. Kwa hiyo wengi wa waliobaki kazini mwaka 1994 sasa wako nje ya utumishi, na hakuna tathmini ya kielektroniki itakayowafikia. Walioshirikiana nao zamu wanawajua kwa majina. Halmashauri na vyama vya wafanyakazi vikae na wastaafu hao sasa, viandike nani alifanya nini Murgwanza, zahanati na shuleni, na Mei Mosi ijayo majina hayo yasomwe mbele ya watumishi vijana ambao wanaijua Benaco kama jina la kituo cha mabasi.