Jaa Halifichi Siri

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumzie jaa. Msikunje uso. Mengi tunayoyajua juu ya Pemba ya kale yametoka jaani.

Huko Tumbe, Wilaya ya Micheweni, palikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Baadaye, jirani yake, ukakua mji wa Chwaka. Wataalamu Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba huko, na mwenzao Sarah Walshaw akachunguza mabaki ya nafaka. Punje mbichi huoza, lakini iliyoungua yaweza kukaa ardhini miaka elfu. Basi mpishi aliyeunguza chakula chake ametuachia ushahidi: watu wa Tumbe walitegemea zaidi mawele, na mchele ukashika nafasi kuanzia karne ya 11. Wali tunaojivunia una historia yake, na historia hiyo imehifadhiwa na taka za jikoni.

Wazee wetu hawakuwa na mengi ya kutupa. Maganda ya ndizi na muhogo yalikwenda kwa mbuzi, chicha la nazi kwa kuku, vifuu motoni, makumbi yakafukiwa pwani yatoe usumba wa kamba. Kilichobaki kilirudi migombani.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwapo, alitoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Uchafu wa mji ukaendelea kuwasumbua watawala, na katika miaka ya 1890 wakaleta kunguru kutoka Bara Hindi ili ale taka. Kunguru alikula taka, kisha akala mayai, vifaranga na makinda ya ndege wetu. Akavuka bahari, akajaa Mombasa na Dar es Salaam. Kazi ya nyumbani ilikabidhiwa ndege, na ndege akageuka kero.

Ndugu wasikilizaji, je, sisi tumejifunza? Anayekaa ghorofani Madungu au Mtemani hana mbuzi wala mgomba. Hukusanya ukoko, matumbo ya samaki na maganda, akachanganya na chupa na plastiki, akafunga, akatupa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini mchanganyiko haujatutoka. Ganda la ndizi peke yake ni mbolea. Likifungiwa ndani ya plastiki ni uvundo, inzi na panya. Masika yakiingia, mtaro ulioziba huyarudisha maji machafu mlangoni, na kipindupindu hupenda maji hayo.

Dawa yake si ngeni. Jikoni pawe na vyombo viwili: kimoja cha mabaki ya chakula, chenye kifuniko, na kingine cha taka zisizooza. Mwenye uwanja achimbe shimo mbali na kisima, na kila akitia mabaki afukie kwa udongo. Matumbo ya samaki yaende chini kabisa. Asiye na uwanja ampe mfugaji au mkulima jirani. Nalo gari la baraza la mji lichukue kilichotengwa bila ya kukichanganya tena, maana mwananchi akiona juhudi yake inamwagwa pamoja, kesho hatatenga.

Miaka elfu ijayo watakuja wachimbaji wengine. Wa Chwaka waliacha punje za mchele. Sisi tutaacha nini?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.