Trout ya Gura na sambaza ya Kivu



Mwezi wa pili ujao, Mungu akipenda, mimi na wenzangu watatu wa promosyo yetu tutapanda milima ya Aberdare, kule Kenya, kuvua trout katika vijito vya baridi. Mmoja wetu anafanya kazi Nairobi, na yeye ndiye aliyetuambukiza ugonjwa huu. Uvuvi wenyewe si kama wa kwetu. Hakuna wavu, hakuna mnyoo kwenye ndoana. Unafunga mdudu wa bandia, wa manyoya na uzi, unamrusha juu ya maji kwa fimbo nyepesi, na samaki anadanganyika kwamba ni chakula. Mara nyingi ukimpata unamrudisha.

Nilipomweleza mama yangu hapa Bukavu, alicheka mpaka akakaa chini. «Weye papa, utalipa feza ju ya kuloba samaki, kisha unamurudisha mu mayi? Ile samaki ni ya nani?»

Nilicheka naye. Lakini usiku, nikiwa napiga hesabu ya safari, swali lile lilirudi: samaki yule ni wa nani? Njo nikaanza kusoma.

Trout si mwenyeji wa milima ile. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, Uskochi, yakawekwa katika mto Gura. Huyu Grogan tunapaswa kumjua, maana alipita mlangoni kwetu. Ni yeye aliyesafiri kwa miguu kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri kati ya 1898 na 1900, na mwaka 1899 alipita kando ya Ziwa Kivu na chini ya volkeno zetu. Vitabu vinasema «alitembea». Mizigo ilitembea juu ya vichwa vya watu.

Na mayai ya trout vilevile. Yai hilo likipata joto linakufa. Lazima likae kwenye baridi na unyevu njia nzima. Waingereza walikuwa wameshajua kazi hiyo: mwaka 1864 walifikisha mayai ya namna hiyo mpaka Tasmania, yakiwa ndani ya kuvumwani na barafu. Kwa Kenya, meli ilifika Mombasa, na reli ilikuwa Nairobi tangu 1899. Lakini reli haikupanda Gura. Kipande cha mwisho kilikuwa cha miguu na mabega. Jina la Grogan limeandikwa kila mahali; majina ya waliobeba sikuyaona popote.

Miaka miwili baadaye, Machi 1907, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko Wakikuyu watatu, wavuta riksho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa lao, alisema, walikosa adabu kwa wanawake wazungu. Akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mtu aliyeliangalia yai la samaki kwa upole namna ile, na mkono uleule ukashika kiboko.

Hapo nilitaka kuandika kwamba Wakikuyu walinyang'anywa samaki wao. Lakini si kweli, na sisi tuliosoma tusipende uongo kwa sababu unatufaa. Kwa desturi yao ya zamani Wakikuyu hawakula samaki. Mto kwao ulikuwa maji ya kunywa, ya mifugo, na mpaka wa ardhi. Walichonyang'anywa ni ukingo. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliipa serikali ya kikoloni nguvu ya kugawa ardhi kwa walowezi, na nyanda zile za juu zikawa za wazungu. Trout akafuata nyuma, kama mtu anayeleta viti vyake katika nyumba aliyoikamata. Mwaka 1910 wakaongeza trout wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuzalisha vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri. Mwaka 1950 Aberdare ikawa hifadhi ya taifa.

Februari 1952, Elizabeth alikuwa katika nyumba ya Sagana, kando ya mto wa trout, alipopata habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari, na mapema 1953 msitu wa Aberdare ukawa eneo la marufuku: Mwafrika akionekana humo, anaweza kupigwa risasi. Dedan Kimathi na wenzake walikunywa maji ya vijito vilevile mpaka alipokamatwa Oktoba 1956.

Sasa turudi kwetu. Sambaza tunayokula, nayo ni mgeni. Kati ya 1958 na 1960 Mbelgiji Collart alileta samaki wadogo kutoka Tanganyika akawamwaga Kivu. Aina zilikuwa mbili. Moja tu ilishika. Naye alikuwa mtu wa ukoloni, na hakuna aliyewauliza wazee wetu. Lakini leo nani anaita sambaza samaki ya Wabelgiji? Wavuvi wanaifuata usiku kwa taa na nyavu, asubuhi mama anaipima sokoni, mutoto anakula na bugali.

Kwa nini mmoja akawa wa wote na mwingine akabaki wa wachache? Sehemu ni maumbile: trout anataka baridi, na kijito chembamba hakiwezi kulisha soko. Sehemu ni sheria: upande mmoja leseni na fimbo ya gharama, upande wa pili ziwa na mtu mwenye wavu. Mgeni anakuwa wa nyumbani siku anapoingia katika chungu cha watu.

Basi, safari ipo palepale. Tunaenda Februari, kabla ya mvua za Machi, maana mto ukichafuka samaki hamuoni mdudu wako. Vibali vya kuingia na vya kuvua tutalipa mapema. Makoti ni lazima, usiku kule juu unauma. Tutatembea na askari wa hifadhi, kwa sababu ya nyati na tembo. Nimeomba pia tupate mzee wa pale atuonyeshe vijito na atuambie majina yake ya kwanza, kabla ya trout. Na tumekubaliana wote wanne: kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe.

Mama ameshakausha sambaza ya njiani. Anasema hamuamini samaki wa kurudishwa.