Kabla ya matarumbeta ya send-off, kulikuwa na "majenerali" wa Beni

Matarumbeta yakianza kulia kwenye send-off, simu zote juu. Sasa siku hiyo cheki kile chombo kikubwa cha shaba, chenye sauti nzito, kinachokumbatiwa kifuani kama mtoto. Kinaitwa yufoniamu, na zamani kilikuwa kinasumbua kinoma.

Kila valvu ukiibonyeza inafungua kipande cha bomba, sauti inashuka. Ukibonyeza mbili tatu kwa pamoja, urefu wa bomba hautoshi, noti inatoka juu kuliko inavyotakiwa. Yaani chombo cha bei mbaya halafu kinaimba nje ya tyuni! Mwaka 1874, David Blaikley wa kiwanda cha Boosey, London, akapata dawa: hewa ikishapita bomba la valvu ya mwisho, inarudishwa kupita tena kwenye valvu nyingine, ambako kuna vijibomba vya ziada vya kufidia palipopungua. Kikawa kizito kubeba, ila bendi za Waingereza zikakikubali.

Huku kwetu, 1876, Askofu Edward Steere alikuwa anawapa makazi Masasi watu waliotolewa utumwani. Bendi zenyewe zilishika moto kwanza pwani ya Kenya: miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu waliigeuza bendi ya kizungu kuwa ngoma, wakavaa sare, wakapeana vyeo, wakaiita Beni. Ikasambaa hadi Tanganyika, Marini kwa Arinoti, upinzani wa Simba na Yanga kabisa.

Halafu ikaja vita. Novemba 1917 Wajerumani walibanwa kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Askari wa pande zote mbili walikuwa wanaicheza Beni. Waliobeba mizigo yao, wapagazi, walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, na wengi wao leo hawakumbukwi kwa majina.

Hapo ndipo vile vyeo vya ngomani vinapoacha kuchekesha. Mtu ambaye jeshini hakuwa lolote, kwenye Beni alikuwa Jenerali. Anapigiwa saluti! Na mwanachama akifa, wenzake wanachangia mazishi. Wakoloni wakapata presha: hawa wanacheza, au wanapanga jambo?

Shaba lakini haikuwa ya kila mtu. Ukielekea magharibi kutoka Ruvuma mpaka ufukweni Ziwa Nyasa, watu walichukua kibuyu, wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui. Unaimbia ndani, kinanguruma kama bendi. Hakuna valvu ya kufidia chochote; noti inatoka kooni kwako. Ngoma hiyo ni mganda, Malawi wanaiita malipenga, na wachezaji wake bado wanajipanga mistari kama gwaride, vibuyu mdomoni, ngoma kubwa ikiwapa hatua.