Wamarekani walipoacha wiski kwa miaka 13, wiski nayo ikabadilika

Wadau, leo tuziweke pembeni siasa za wiki hii, tuzungumze kuhusu wiski. Najua kuna watakaoguna. Tulieni, simfundishi mtu kulewa. Nataka tuangalie historia ya kitu ambacho vitabu vyetu vya shule havikukigusa kabisa: ladha.

Muulize mnywaji wa wiski yeyote. Atakuambia kwamba ukikaa mwezi mzima bila kuigusa, glasi utakayorudi nayo si ile uliyoiacha. Inachoma zaidi, harufu inapanda puani kwa nguvu, na wakati mwingine unakutana na utamu au moshi ambao hukuwahi kuujua. Jamaa zangu wanaoacha kilaji wakati wa Kwaresima huapa kila Pasaka kwamba baa imechakachua chupa. Chupa ni ile ile. Ni kama pilipili. Anayeila kila siku haoni kitu, lakini akikaa wiki kadhaa bila kuigusa, siku ya kurudi ataomba maji. Wala mfano huu si wa kubahatisha, maana neva za kinywani zinazoshtuliwa na pilipili ndizo zinazoshtuliwa pia na pombe kali.

Yapo mengine. Ukiwa na mafua wiski inakufa mdomoni, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Chakula ulichokula kabla nacho kinachangia. Hata maji yana kazi yake: mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa kutumia kompyuta jinsi wiski ikizimuliwa, chembe zenye harufu ya moshi zinavyosogea juu ya glasi, karibu na pua yako.

Sasa swali langu ni hili. Kama ulimi wa mtu mmoja unabadilika kwa mwezi mmoja tu, je, taifa zima likiacha kwa miaka 13?

Jaribio hilo lilishafanyika. Tarehe 17 Januari 1920 Marekani ilianza kutekeleza Marekebisho ya 18 ya Katiba yake: marufuku kutengeneza, kuuza wala kusafirisha pombe. Marufuku hiyo ilidumu hadi tarehe 5 Desemba 1933.

Kabla ya hapo Mmarekani alikuwa anakunywa wiski nzito. Pennsylvania na Maryland walisifika kwa wiski ya rai, nafaka ambayo ni jamaa ya ngano, yenye ukali fulani kama wa viungo. Kentucky walikuwa na bourbon yao ya mahindi, yenye utamu. Na waliopenda ya nje walikuwa na ya Ireland, iliyopikwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, nzito na yenye mafuta mafuta mdomoni.

Marufuku ilipoingia, kiu haikuondoka. Ilitafuta njia, na njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa hospitali. Ndiyo, hospitali! Daktari aliruhusiwa kukuandikia wiski kama dawa, painti moja kila siku kumi. Kampuni sita zilipewa leseni ya kuuza wiski hiyo. Lakini nyingi ilikuwa imepikwa kabla ya marufuku, kwa hiyo ilizidi kukaa kwenye mapipa mwaka hadi mwaka. Wiski inapata rangi na sehemu kubwa ya ladha yake kutoka kwenye mbao za pipa. Ikikaa kupita kiasi, mbao zinaimeza. Inakuwa chungu, kavu, kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Akiba ilipopungua sana, mwaka 1929 serikali ililazimika kuruhusu kampuni hizo kupika tena kidogo.

Njia ya pili tunaijua sana huku kwetu: gongo. Wamarekani walipika vichakani, kwenye magereji na vyumbani. Wengine walichukua spiriti ya viwandani, wakajaribu kuisafisha na kuitia rangi. Serikali nayo ikaamuru spiriti hiyo iongezwe sumu ili isinyweke, na watu wakafa. Ulimi haukuwa na namna ya kuwaonya, maana kwa mnywaji methanoli na pombe ya kawaida karibu zinafanana. Aliyenusurika alijifunza kuficha ukali kwa juisi, sukari na soda ya tangawizi. Kwa kizazi hicho wiski ikawa kitu cha kuchanganywa na kitu kingine.

Njia ya tatu ilikuwa magendo. Wiski ya Kanada ilivuka mto kutoka Windsor kwenda Detroit. Ya Scotland ilipitia visiwa vya Bahamas. Nyingi kati ya hizi zilikuwa za kuchanganya, laini, rahisi kumeza. Wafanyabiashara wa London waliliona soko mapema: mwaka 1923, marufuku ikiwa imepamba moto, Berry Bros. & Rudd walianzisha Cutty Sark, wiski nyepesi yenye rangi iliyopauka, wakiwa na mnywaji wa Marekani akilini.

Haya, fika Desemba 1933. Sheria imefutwa, watu wanasherehekea barabarani. Lakini wiski si chapati, huipiki leo ukala leo. Inahitaji miaka kwenye pipa. Kwa hiyo aliyerudi baa alikuta uzee uliopitiliza wa enzi za dawa, au kitoto kilichopikwa juzi, au mchanganyiko wa wiski kidogo na spiriti nyingi. Na huyo mnywaji mwenyewe ni nani? Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1920, sasa ana 28. Kinywa chake kimelelewa na magendo ya Kanada na gongo la juisi. Ukimpa wiski nzito ya rai aliyoipenda baba yake, anakunja uso.

Kabla viwanda havijasimama vizuri, ikaja vita. Kuanzia mwaka 1942 viwanda vya wiski vya Marekani viligeuzwa kupika spiriti kwa mahitaji ya jeshi. Pumziko la pili hilo. Miaka ya baadaye wiski ya rai ilikaribia kutoweka. Ilipofika miaka ya 1970, vodka, kinywaji ambacho sifa yake kubwa ni kutokuwa na ladha, iliipita wiski kwa mauzo nchini Marekani. Ukifuatilia safari ya ule ulimi tangu 1920, wala hushangai.

Wengine walilipa bei bila hata kupiga kura. Ireland ilipoteza soko lake la Marekani katika kipindi kile kile ilichojitenga na Uingereza mwaka 1922, kisha ikagombana nayo kibiashara kuanzia mwaka 1932 hadi 1938. Tuseme ukweli, marufuku pekee haikuiangusha. Watengenezaji wake wakubwa pia walikuwa wameudharau mtambo wa kupika wiski nyepesi kwa bei nafuu, mtambo uliobuniwa na Mwairishi mwenzao, Aeneas Coffey. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills.

Campbeltown, mji mdogo wa bahari huko Scotland, ulikuwa na viwanda zaidi ya 20 mwishoni mwa karne ya 19. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwili. Fikiria ajira zilizopotea katika mji wa ukubwa huo. Kiwanda kimojawapo, Hazelburn, kilisimama mwaka 1925. Lakini mwaka 1920 kijana wa Kijapani, Masataka Taketsuru, alifanya mafunzo pale akiandika kila alichokiona kwenye daftari. Mwaka 1934 alianzisha kiwanda chake huko Yoichi. Kwa hiyo baadhi ya ujuzi wa Campbeltown uliokolewa na madaftari ya mgeni.

Msidhani sisi hatumo. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, wakoloni walitia saini mkataba wa kudhibiti pombe kali barani Afrika. Chini ya utaratibu huo Mwafrika wa Tanganyika au Kenya alizuiwa kununua wiski huku bwana shauri akiinywa barazani. Kwetu haikuwa pumziko, ilikuwa kufungiwa mlango. Mlango ulipofunguliwa, wiski iliingia ikiwa na ladha ambayo haimo kwenye shayiri wala pipa: ladha ya cheo. Nenda kwenye sherehe yoyote ya wakubwa uangalie chupa inawekwa meza gani, utanielewa.

Ndiyo maana siamini kwamba ladha inakaa kwenye chupa. Inakaa kwa watu, wanaokunywa na wanaopika, na wakiachana kwa kizazi kimoja tu inaweza kupotea. Tangu miaka ya 2000 wiski ya rai imerudi kwa kasi Marekani, na Ireland imejenga viwanda vipya vingi. Wanasoma vitabu vya zamani, wanafuata vipimo vya mababu. Kinachokosekana ni yule mzee wa mwaka 1919, aonje, atikise kichwa, aseme: ndiyo, ni hii.

Haya wadau, nani kwenu amewahi kuacha kinywaji fulani kwa muda mrefu, akarudi akakuta si chenyewe? Kahawa, mbege, hata chai ya rangi, vyote ruksa. Wikiendi njema.